Marejesho Yanayobebeka: Kaya na Ulipaji wa Madeni

Deni la kaya ni kila fedha, bidhaa au huduma ambayo watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja wamekwisha kuitumia bila kuilipia. Kwenye vitabu vya uhasibu deni hilo hutenganishwa na deni la biashara. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mpaka huo hauonekani: mtaji wa genge hununua dawa ya mtoto, mkopo wa ada huishia kwenye unga, na mshahara wa mwalimu hulipa rejesho la mwenzake anayeuza chakula. Kwa hiyo ulipaji wa deni hauwezi kupangwa mbali na matumizi ya siku. Fedha zote mbili hutoka mfuko mmoja, na mara nyingi hutakiwa siku moja.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa familia yenye madeni ni kubana matumizi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unagusa sehemu ndogo ya tatizo. Kaya yenye kipato kidogo haina mengi ya kubana, na rejesho linalochukua hela ya unga leo hurudi wiki ijayo likiwa mkopo mpya, mara nyingi wa riba kubwa kuliko ule wa kwanza. Mambo mawili ndiyo huamua kama familia itatoka kwenye deni: bei ya deni lenyewe, na jinsi tarehe za marejesho zinavyolingana na siku ambazo fedha huingia nyumbani.

Aina za madeni ya nyumbani

Tanzania ina makundi manne makubwa ya madeni ya kaya. La kwanza ni madeni yanayokatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mwenyewe: mkopo wa benki, mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Makato ya Bodi yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilikuwa ikiongeza deni la wanufaika kila mwaka, lakini makato ya asilimia 15 yalibaki. Madeni ya kundi hili huwa na riba nafuu, na mdaiwa hapati nafasi ya kuyachelewesha.

Kundi la pili ni madeni ya vikundi. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vilitokana na mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambapo wanachama hununua hisa kila wanapokutana, huweka fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu, hukopeshana, kisha hugawana mwisho wa mzunguko. Riba ya kikundi inaweza kuwa kubwa, hata asilimia 10 kwa mwezi, lakini hubaki mikononi mwa wanachama wenyewe na humrudia mkopaji kama gawio siku ya kuvunja kikundi. Upatu ni tofauti: hauna riba, kila mmoja hupokea zamu yake, na anayepokea mapema ndiye anayebaki akidaiwa na wenzake hadi mzunguko uishe.

Kundi la tatu ni mikopo ya haraka. Humo kuna mikopo ya simu, ambayo nchini Kenya ilienea kwa kasi baada ya M-Shwari kuanza mwishoni mwa 2012, na Fuliza iliyofuata 2019. Tanzania ilipata M-Pawa mwaka 2014, na huduma za namna hiyo zikaongezeka baadaye. Humo pia wamo wakopeshaji wa mitaani wanaotoa mikopo ya marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wateja wake wakubwa ni wanawake wafanyabiashara wadogo: mama lishe, wauza mboga, wenye vibanda vya mitumba.

Kundi la nne ni madeni yasiyo na karatasi, au yenye karatasi moja tu, nayo ni daftari la mwenye duka. Unga, sukari, sabuni na mafuta ya kula huchukuliwa kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, na kuandikwa hadi mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba iliyochelewa, michango ya harusi iliyoahidiwa na fedha iliyoazimwa kwa shemeji huingia humu. Madeni haya hayana riba, ila yana bei nyingine: daftari likifungwa, kaya hupoteza mlango wa mwisho wa kupata chakula siku ambayo hakuna hela.

Deni linavyoingia nyumbani

Familia chache huingia kwenye madeni mazito kwa sababu ya anasa. Sababu za kawaida ni tatu, na zote zinahusu wakati.

Ya kwanza ni gharama kubwa inayolipwa kwa mkupuo na kaya inayopata fedha kidogo kidogo. Kodi ya nyumba mijini hudaiwa ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima mkononi. Januari huleta sare, madaftari na michango ya shule kwa pamoja. Ada ya shule za umma ilifutwa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita, lakini sare, daftari, chakula cha mchana na nauli vilibaki kwa mzazi. Mwenye kipato cha siku hukutana na bili ya nusu mwaka, na tofauti hiyo huzibwa kwa mkopo.

Ya pili ni pigo lisilotarajiwa: ugonjwa, msiba, kuachishwa kazi, pikipiki kuharibika. Pigo la namna hii huongeza matumizi na hupunguza kipato kwa wakati mmoja. Mama lishe anayeuguza mtoto hospitalini siku tano hupoteza faida ya siku tano, na rejesho la wiki halisogei.

Ya tatu ni msimu. Vijijini fedha huingia mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali chumvi na dawa hununuliwa miezi yote kumi na miwili. Hapo ndipo mkulima wa Kagera huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa utaratibu unaojulikana kama butura, na mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huingia kwenye kangomba, akipokea bei ndogo kabla ya mnada. Mikataba hiyo haiitwi mikopo, lakini ni mikopo: mkulima anapokea fedha leo na kulipa kwa mazao kesho, na riba yake ni tofauti kati ya bei aliyopewa na bei ya msimu.

Bei halisi ya mkopo

Mkopaji huambiwa riba kwa namna nyingi: kwa mwaka, kwa mwezi, kwa wiki, au haambiwi kabisa bali huonyeshwa tu rejesho. Bila kuzileta zote kwenye kipimo kimoja, haiwezekani kujua deni lipi ni ghali.

Tofauti ya kwanza kubwa ni kati ya riba ya salio na riba ya mkopo wa mwanzo. Mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, unaweza kuhesabiwa kwa njia mbili. Riba ikitozwa kwenye salio linalopungua, huku mkopaji akirudisha shilingi 100,000 za mtaji kila mwezi, atalipa riba ya 60,000, kisha 50,000, hadi 10,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni shilingi 210,000. Riba ikitozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, atalipa 60,000 mara sita, yaani 360,000. Wakopeshaji wote wawili wametangaza asilimia 10, lakini mmoja anachukua shilingi 150,000 zaidi.

Tofauti ya pili ni muda. Ada ya asilimia 7.5 iliyotozwa na M-Shwari kwa mkopo wa siku 30 inaonekana ndogo, na kwa anayekopa mara moja kwa mwaka ni ndogo kweli. Kwa anayelipa na kukopa tena kila mwezi, ni asilimia 90 kwa mwaka. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa na Serikali ya Kenya tarehe 30 Novemba 2022, uliweka riba ya asilimia 8 kwa mwaka kwa mkopo wa siku 14. Tofauti kati ya 8 na 90 haionekani kwenye skrini ya simu mtu anapobonyeza kukubali, kwa kuwa kiasi kinachokopwa ni kidogo na muda ni mfupi.

Tofauti ya tatu ni marejesho ya wiki. Mkopo wa shilingi 300,000 unaorudishwa kwa shilingi 30,000 kila wiki kwa wiki 13 hufika shilingi 390,000. Afisa mikopo huieleza kuwa riba ya asilimia 30 kwa miezi mitatu. Lakini mkopaji hakai na shilingi 300,000 kwa miezi mitatu. Anaanza kuzirudisha wiki ya kwanza. Ikihesabiwa kwenye salio halisi, riba hiyo ni karibu asilimia 4 kwa wiki. Kwa kulinganisha, Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopo wa mfano huu unatoza kwa wiki moja zaidi ya kinachoruhusiwa kwa mwezi mzima, hata kabla ya kuongeza ada ya fomu, faini ya kuchelewa na fedha ya mthamini wa dhamana.

Hesabu ya kaya moja

Mfano mmoja wa hesabu unaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Kaya ina watu watano. Mume ni mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 na deni la Bodi ya Mikopo. Mke anauza chakula karibu na stendi. Makato ya lazima ya mwalimu ni mfuko wa pensheni asilimia 5, shilingi 40,000. Bima ya afya asilimia 3, shilingi 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, shilingi 16,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, shilingi 120,000. Na kodi ya mapato shilingi 68,000. Zinabaki 532,000. Mkopo wa benki wa shilingi 9,000,000 kwa miezi 60, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, hukata karibu 219,000 nyingine. Mwalimu anapokea 313,000. Faida ya mke ni wastani wa shilingi 8,000 kwa siku kwa siku 26, yaani 208,000. Kipato cha nyumba ni shilingi 521,000.

Matumizi ni haya: chakula 9,000 kwa siku, 270,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba 70,000, nauli 60,000, mkaa na gesi 35,000, umeme na maji 30,000, shule 25,000, michango ya jamii 20,000, vocha 10,000. Jumla ni 520,000. Imebaki shilingi 1,000. Kaya hii inajitosheleza kwa kamba nyembamba, na haina anasa yoyote ya kukatwa.

Kisha mtoto anaugua na vyombo vya biashara vinahitaji kubadilishwa. Mke anachukua mkopo wa shilingi 300,000 wa rejesho la wiki, ambalo kwa mwezi ni shilingi 130,000. Mume anakopa 80,000 kwenye simu, analipa na kukopa upya kila mwezi kwa ada ya asilimia 9, yaani 7,200. Daftari la duka linafika 65,000. Pengo la kila mwezi sasa linazidi shilingi 136,000. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kaya ambayo chakula chake chote ni 270,000. Litazibwa na mkopo wa tatu utakaolipa wa pili, na kuanzia hapo deni linajilisha lenyewe.

Jambo la kuangalia katika hesabu hii ni ukubwa wa madeni yenyewe. Deni la benki ni la mamilioni, lakini halikuiyumbisha kaya. Kilichoiyumbisha ni mkopo wa shilingi 300,000 wenye muda mfupi.

Matumizi ya kila siku: panapopungua na pasipopungua

Kubana matumizi kuna nafasi yake, mradi kaya ijue ni wapi. Kuna gharama ambazo zikikatwa huongeza deni. Chakula cha watoto, dawa ya mgonjwa wa kudumu, nauli ya kwenda kazini na mtaji wa biashara ndogo ni za aina hiyo. Mama lishe anayelipa rejesho kwa hela ya mchele wa kesho amelipa kwa kuuza chombo chake cha kazi. Kesho ataanza siku kwa kukopa mtaji. Kwa sababu hiyo mtaji wa biashara hutengwa kwanza kila jioni, kabla ya hela ya nyumbani na kabla ya rejesho.

Panapopungua zaidi ni kwenye bei ya kununua kidogo kidogo. Mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo na sabuni ya kipande huuzwa ghali kwa kila kilo kuliko gunia, dumu au mfuko. Kaya isiyo na fedha hulazimika kulipa bei hiyo ya juu, na hivyo umaskini wenyewe huwa na gharama yake. Njia ya kutoka ni kuanza na kitu kimoja: mwezi huu majirani wawili au watatu wachange gunia la mkaa, mwezi ujao dumu la mafuta. Kinachookolewa kwenye kitu cha kwanza hununua cha pili kwa jumla. Wakati wa mavuno, mahindi na maharage yanayonunuliwa kwa debe na kuhifadhiwa vizuri hupunguza bili ya miezi ya njaa, pale bei inapopanda.

Michango ya jamii inahitaji maamuzi ya wazi. Harusi, kipaimara, maulidi na msiba ni mfumo wa bima wa watu wengi: anayechangia leo huchangiwa kesho. Kuikata yote ni kujitenga na msaada wa baadaye. Kaya yenye deni inaweza kuweka kiwango cha mwezi, kuutanguliza msiba na ugonjwa mbele ya harusi, na kutoa nguvu kazi mahali pa fedha. Kadi ya mchango ya kiwango kikubwa inayolipwa kwa mkopo wa simu haimsaidii bwana harusi kwa kiasi inachomuumiza mchangaji.

Mpangilio wa kulipa

Hatua ya kwanza ni kuyaandika madeni yote kwenye karatasi moja: anayedai, kiasi kilichobaki, rejesho, tarehe, riba kwa mwezi, dhamana na wadhamini. Nyumba nyingi hazijawahi kufanya hivyo, kwa kuwa kila mmoja anayajua madeni yake tu. Karatasi hiyo ndiyo huonyesha lipi linakula zaidi.

Hatua ya pili ni kuyapanga. Kanuni ya hesabu ni rahisi: yote yalipwe kiwango cha chini, na kila shilingi ya ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine hadi liishe. Njia hiyo huokoa fedha nyingi zaidi. Wapo wanaopendelea kumaliza deni dogo kwanza ili wapate nguvu ya kuendelea, na kwa kaya iliyokata tamaa faida hiyo ni ya kweli. Tofauti ya gharama huwa ndogo iwapo deni dogo lina riba inayokaribiana na jingine.

Riba peke yake haitoshi, kwa sababu madeni yana hatari tofauti. Kodi ya nyumba haina riba, ila kuchelewa kunaweza kuiondoa familia chini ya paa. Deni lililowekewa cherehani, jokofu au pikipiki linaweza kuchukua chombo kinacholeta kipato. Deni lenye mdhamini linaweza kuvunja ndoa au undugu wa mtu mwingine. Kwa hiyo mpangilio unaofaa huanza na madeni yanayotishia makazi na chombo cha kazi, hufuata riba kubwa, kisha madeni ya muda mrefu ya riba nafuu. Duka la mtaani hulipwa kidogo kidogo bila kukosa, ili daftari libaki wazi.

Hatua ya tatu ni tarehe. Rejesho la mwezi linalodaiwa tarehe 15 kwa mtu anayelipwa tarehe 25 huzaa mkopo wa siku kumi kila mwezi. Rejesho la kila siku linamfaa mwenye kipato cha siku kuliko mwajiriwa, na la mwezi linamfaa mwajiriwa kuliko muuza samaki. Wakopeshaji halali mara nyingi hukubali kubadilisha tarehe wakiombwa mapema na kwa maandishi. Anayeomba kabla ya kukosa rejesho husikilizwa. Anayezima simu huhesabiwa mtoro.

Kubadilisha deni na mtego wa kuongeza mkopo

Kwenye mfano wa kaya ya mwalimu, deni la wiki lililobaki baada ya marejesho matatu ni shilingi 300,000, la simu 80,000 na la duka 65,000. Jumla ni 445,000. SACCOS ya kazini inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio inaweza kulilipa lote na kukata karibu shilingi 41,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mzigo wa zaidi ya 136,000 unashuka hadi 41,000, na riba ya mwaka mzima haifiki 45,000. Mshahara unaobaki, shilingi 272,000, bado uko juu ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kiwango ambacho mtumishi wa umma nchini Tanzania hapaswi kushuka chini yake. Kenya ina kinga ya namna hiyo kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayozuia makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Shilingi 41,000 bado zinatakiwa kupatikana, na hapa ndipo kubana kunapofanya kazi yake: mkaa wa gunia, nauli iliyopunguzwa, michango yenye kikomo, na siku mbili za biashara zilizoongezwa. Kaya inaweza kukazana kwa 41,000. Kwa 136,000 haiwezi.

Kubadilisha deni kuna masharti mawili. Mkopo mpya uwe na riba ndogo kwenye salio, na milango ya madeni ya zamani ifungwe. Anayelipa mkopo wa simu kwa fedha ya SACCOS kisha akakopa tena kwenye simu amejiongezea deni la pili.

Kinyume chake ni kuongeza mkopo juu ya mkopo, ambako benki humpa mteja fedha mpya, hulipa salio la zamani na kuanza muda upya. Mkopo wa shilingi 9,000,000 wa mfano uliotajwa una riba ya 120,000 ndani ya rejesho la kwanza la 219,000. Baada ya miaka miwili mkopaji amelipa zaidi ya shilingi 5,250,000, lakini mtaji umepungua kwa karibu 2,775,000 tu. Akiongeza mkopo wakati huo, anaanza tena kwenye kipindi ambacho sehemu kubwa ya rejesho ni riba. Wafanyakazi wanaorudia hatua hiyo kila baada ya miaka miwili hufika kustaafu wakiwa hawajawahi kuuona mwisho wa mkopo mmoja.

Njia nyingine zenye nafuu zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kwa kawaida ni ya miradi ya vikundi, na kuitumia kulipa madeni ya nyumbani ni kuuzika mradi. Faida yake kwa kaya huja kwa kuongeza kipato. Kwa Waislamu, mkopo mwema usio na riba ni ibada, kumpa muda mdaiwa aliyekwama kumeagizwa, na mwenye deni asiyeweza kulipa ni mmoja wa makundi manane yanayostahili zaka. Kamati za zaka za misikiti zina nafasi kubwa hapa kuliko zinavyotumika.

Wenza, siri na sheria

Deni la siri ndilo gumu kulipa, kwa kuwa linalipwa kwa fedha iliyofichwa kwenye matumizi. Mke anayeficha mkopo wa wiki hupunguza chakula kimya kimya. Mume anayeficha mkopo wa simu hudai mshahara umechelewa. Bila kuijua jumla, hakuna hata mmoja anayeweza kupanga. Kaya zinazofanikiwa kulipa huwa na kikao kifupi cha mwezi, siku ya mshahara au siku ya hesabu ya biashara, ambapo karatasi ya madeni husomwa na wote wawili.

Sheria nayo inaweka mipaka inayofaa kujulikana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nchini Tanzania hairuhusu nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mkopeshaji anayefanya biashara hiyo lazima awe na leseni. Vikundi husajiliwa kupitia halmashauri, na SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kenya iliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu yake kwa sheria ya 2021 na kanuni za 2022. Kuchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, au kuwatumia ndugu na wafanyakazi wenzake ujumbe wa kumdhalilisha, si njia halali ya kudai. Deni bado linadaiwa, lakini aliyetendewa hivyo ana haki ya kulalamika Benki Kuu, polisi, au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotokana na sheria ya mwaka 2022.

Akiba ndogo wakati wa deni

Kwa hesabu kavu, kuweka akiba huku deni la riba kubwa likiendelea ni hasara. Kwa maisha ya nyumbani, kaya isiyo na akiba yoyote hurudi kwa mkopeshaji mara mtoto apatapo homa. Kwa hiyo akiba ndogo ya dharura, inayotosha nauli ya hospitali, dawa na chakula cha siku tatu au nne, hutangulia hata kabla ya kuharakisha deni ghali. Inafaa ikae mahali pasipofikika kwa urahisi, kama vile hisa za kikundi au akaunti isiyo na kadi, na irudishwe kila inapotumika.

Akiba ya pili ni ya gharama zinazojulikana. Kodi ya miezi sita ya shilingi 420,000 ni shilingi 70,000 kwa mwezi, au karibu 2,300 kwa siku. Mwenye biashara ya kila siku akiitenga kwenye kibubu au upatu uliopangwa kupokelewa mwezi wa kodi, gharama hiyo haitakuwa dharura tena. Sare za Januari na sikukuu hupangwa vivyo hivyo kuanzia Julai. Mikopo mingi ya kaya ingeepukika kwa hatua hii pekee, maana gharama hizo huja kwa tarehe inayojulikana.

Deni linapoisha, kazi mbili hubaki. Ya kwanza ni ya karatasi: barua ya kumaliza deni, kurudishiwa dhamana, kuachiwa kwa wadhamini, kusitishwa kwa makato kwa mwajiri, na uhakika kuwa taarifa za mkopaji zimesahihishwa kwenye kumbukumbu za mikopo. Makato yanayoendelea baada ya deni kwisha hutokea, na kurudishiwa huchukua muda mrefu kuliko kuyazuia. Ya pili ni ya fedha: kiasi kilichokuwa rejesho kiendelee kutoka tarehe ileile, sasa kikienda kwenye akiba ya kaya. Familia tayari imezoea kuishi bila fedha hiyo, na shilingi 41,000 zilizokuwa zikiilipa SACCOS hufika shilingi 492,000 kwa mwaka. Hizo zinazidi jumla ya madeni yote madogo yaliyoiyumbisha kaya ya mfano, kwa hiyo pigo lijalo la namna ileile linaweza kulipwa bila kumwendea mkopeshaji.